Ziwa la Kushoto

Bibi mshauri,

Kama wanizidi umri, shikamoo, na kama mimi ndiye mkubwa basi pokea tu salamu zangu kwa heshima, maana sikujui uso wala wewe hunijui, na ndiyo sababu nimethubutu kukuandikia wewe nikawaacha dada zangu na mashoga zangu wote wa hapa Chumbageni, kwa kuwa siku hizi simwamini hata mmoja. Najiandikia mwenyewe, mlango nimeufunga, kwani nikimpa mtu aniandikie mji mzima utajua kabla wino haujakauka. Jina langu tafadhali usilitie gazetini, na hao wengine nimewapa majina ya kubuni, ila mashaka yangu sikuyabuni.

Nina mtoto mmoja tu, wa kiume, nimwite Taimur, anaingia mwaka wa kumi, mzuri wa sura, ulimi wake mtamu akitaka, ukimtuma dukani vitu kumi ataleta kumi bila kusahau hata chumvi, na lori likiwa bado liko kona ya pili yeye amekwisha kukwambia ni la nani kwa mlio wake, lakini mtoto huyu hasomi. Sisemi kwamba ni mvivu wa kusoma, nasema hasomi. Chuoni kwa maalim, wenzake aliokaa nao mkeka mmoja wamekwisha hitimu, wamepikiwa na kufukiziwa udi, yeye bado, ingawa kwa muda mrefu tulidhani anawatangulia kwa sababu ya ile sauti yake, hata siku moja maalim akamtilia shaka, akaugeuza msahafu juu chini mbele yake, na mwanangu akaendelea kusoma vile vile kwa sauti nzuri kidole kikitembea, wenzake wakaangua kicheko, maalim akampiga bakora mpaka akatapika.

Tangu siku ile amegeuka. Anang'ata, anatoroka, ubao wake wa kuandikia ameutupa kisimani, na amempasua mtoto wa jirani paji la uso kwa jiwe kwa kuwa alimwita bongo la ng'ombe. Skuli nako mwalimu anasema huu ni ukaidi wa makusudi, na kama muhula ukiisha bila mabadiliko watamtoa. Nikimkalisha nyumbani asome japo mstari mmoja, hujinyoosha akanitazama kwa macho ya kuomba, akasema, "Ntasoma baadaye, mama," na hiyo baadaye yake mpaka leo sijaiona.

Nimetafuta sababu, bibi mshauri, sikukaa bure. Nilisema ni husda nikamnywesha kombe la aya, nilisema ni nyota yake nikaenda kutazamiwa wakaniambia nyota njema, nilimshuku mama mkwe kwa sababu hakutaka mwanawe anioe, nikakagua hata mto wa mtoto nikaufumua sufi yote nisione kitu. Baba yake tulipogombana akanambia, "Tazama kwenu, Shemsa." Jina hilo nalo ni la kubuni. Nililia siku nzima. Kwetu kuna nini? Kwetu hakuna mjinga. Yuko kaka yangu Himyar, anayetuangalizia minazi huko Mwera, ambaye naye chuo kilimshinda, lakini habari yake ni nyingine kabisa, yeye alirogwa na mpishi wetu mwanamke wa Kidigo, mama yangu mzazi ndiye aliyegundua, yule mpishi akafukuzwa siku hiyo hiyo na vyombo vyake, ingawa kaka hakupona kwa sababu mpishi aliondoka na dawa aliyomfungia. Mpaka leo ukimpa Himyar barua huikunja akaitia mfukoni akasema ataisoma baadaye, na mjini haji, harusini haji, hata kuoa hakuoa. Lakini hayo ni ya zamani, nisikupotezee wakati.

Sasa nisikilize kwa makini, hapa ndipo penyewe. Nilipomzaa Taimur nilishikwa na homa kali, maziwa yakakatika, mtoto akawa analia mpaka sauti ikamwisha. Nyumba ya pili palikuwa na mwanamke aliyekuja kufua, nimwite Beatrisi, Mkatoliki wa huko milimani, mumewe anakata mkonge upande wa Pongwe, naye alikuwa na kitoto chake kichanga cha kike mgongoni, Elizabeti. Akamchukua mwanangu akamnyonyesha, na akaendelea kumnyonyesha mpaka akaota meno, kwa hiyo kwa dini yetu hawa wawili ni ndugu wa ziwa, na Beatrisi tulimheshimu, kila Idi doti yake ya kanga haikukosa.

Idi iliyopita akaja na binti yake kutupa mkono. Chumba kimejaa wanawake, nami nimevaa kanga mpya. Mmoja katika wageni akasema, "Taimur, baba, hebu tusomee jina la kanga ya mama." Nikageuka nikawapa mgongo ili aone vizuri. Bibi mshauri, nilisimama pale. Sikumwona uso, nilisikia pumzi zake tu nyuma yangu, na mimi moyoni namwambia soma mwanangu, soma, hata neno moja. Mara nikasikia sauti nyembamba inasoma yote mpaka mwisho bila kukwama, na nilipogeuka wanawake wanamshika Elizabeti kichwa wanasema mashallah, na mwanangu hayumo tena chumbani.

Hapo ndipo macho yangu yalipofunguka. Watoto wawili, ziwa moja, wiki moja ya kuzaliwa, huyu asome hata karatasi iliyofungiwa njugu, na huyu asijue alifu wala a. Akili ya mwanangu imekwenda wapi? Nikaanza kukumbuka. Beatrisi siku zote ziwa la kulia akimpa wake na la kushoto akimpa wangu, wallahi nakumbuka, na akinyonyesha hushika tasbihi ya kwao akinong'ona maneno nisiyoyajua. Siku ile ile ya Idi alinikuta jikoni nalia, akanambia, "Mama Taimur, usimpige. Mtoto yule hana kosa." Nami nikajiuliza, amejuaje kwamba hana kosa, kama hamjui mwenye kosa?

Nikaenda kwa fundi mmoja, nimwite Mwinyijuma, anasifiwa sana. Akafukiza, akatazama, kisha akaniuliza, "Mtoto huyu alinyonya kwako mwenyewe?" Nywele zilinisimama, kwa maana sikuwa nimemwambia neno lolote juu ya ziwa. Nikamweleza yote. Akasema basi ndivyo, akili imepita katika maziwa, lakini dawa ipo, nimletee watoto wote wawili, atawachanja utosini, atawafukiza chini ya shuka moja, na binti ataoshwa kwa maji ya kurudisha kilichochukuliwa. Nikamuuliza, na binti je? Akasema, "Atapungua kidogo, hatakufa."

Nimekwisha mwambia Beatrisi amlete Elizabeti siku ya kuchambua mchele wa maulidi ya mfungo sita, aje atusaidie. Amekubali kwa furaha, amesema binti atafurahi kumwona nduguye. Tangu aliponijibu hivyo chakula hakinipiti kooni. Naomba uniambie kweli, mtu akichukua chake kilichochukuliwa, hiyo nayo ni dhambi? Na kama ni dhambi, ni yangu mimi au ya yule aliyeanza?

Mimi, mama mwenye mwana mmoja,
Chumbageni, Tanga.

MAJIBU YA MWALIMU YUDITH

Mama mwenye mwana mmoja,

Nadhani nakuzidi umri, basi marahaba. Nimemwomba mhariri aitangulize barua yako mbele ya nyingine zote, maana nyingine ni za waume wakorofi na wapangaji wasiolipa, na hao watangoja. Mchele wa maulidi haungoji. Kwa hiyo neno la kwanza ni hili: Elizabeti asifike kwa huyo fundi wako. Kama unasoma gazeti hili na binti yuko uani kwako na ungo mkononi, weka gazeti chini, mrudishe kwa mama yake, kisha urudi tuendelee.

Umerudi? Vizuri.

Waniuliza kama ni dhambi. Mama, wewe jibu unalo, na ndilo lililokukwama kooni ukashindwa kula. "Atapungua kidogo, hatakufa." Maneno haya umeyaandika kwa mkono wako mwenyewe. Yasome tena polepole, na mahali pa binti wa watu mtie Taimur, uone kama utafika mwisho wa mstari.

Sasa tukae kama watu wazima. Nakuonea huruma, usidhani sina. Ile habari ya kusimama umewapa watu mgongo ukisikiliza pumzi za mwanao imenikaa moyoni, na mzazi yeyote aliyeisoma leo amekuombea. Lakini huruma yangu haitanizuia kukugombeza, kwa kuwa umetafuta mchawi kwa bidii ambayo ungeitumia kumtafutia mtoto njia, angekwisha kuvuka.

Ziwa la kushoto! Mwanamke ana watoto wawili wachanga na maziwa mawili, ulitaka afanyeje? Angempa wako la kulia, leo ungeniandikia kwamba la kulia ndilo lenye sumu. Alishika tasbihi akinong'ona. Na wewe ukimbembeleza mwanao hunong'oni? Alikwambia mtoto hana kosa. Alikuwa anakutuliza, mama, ulikuwa unalia jikoni siku ya Idi, angekwambia nini kingine? Umeugeuza kila wema wake ukautazama chini kama mtu anayekagua nguo ya mtumba, na hukuona tundu, ukasema basi tundu limefichwa.

Na huyo Mwinyijuma. Unanambia nywele zilikusimama kwa sababu aliuliza habari za ziwa na hukuwa umemwambia. Soma ulichoandika. Aliuliza tu. Angekuuliza kama ulimzaa mchana, kitovu kilizikwa wapi, kama nyanya yake alimbeba, mpaka aone uso wako umebadilika. Bahati yake swali la kwanza lilikushtua. Ukamweleza yote, naye akakurudishia habari zako zile zile zimefukizwa ubani.

Sasa akili ya Taimur. Wewe wasema imekwenda. Mimi nimeshika chaki mpaka nywele zimekuwa za rangi yake, na nakwambia mtoto asiyekuwa na akili hawezi kubeba sura nzima nzima kwa kusikia tu, akazisoma hata msahafu ukiwa juu chini. Wajua kazi iliyomo katika jambo lile? Kila siku wenzake wanasoma kwa macho, yeye anawasikiliza, anayashika, anapitisha kidole pasipo kitu, na anaomba Mungu asigunduliwe. Siku alipogunduliwa akachekwa, akapigwa mpaka akatapika, na alipofika nyumbani akakuta mama anafumua mto wake kutafuta hirizi. Kisha mnashangaa anang'ata.

Wako watoto wa namna hii. Kila mahali nilipofundisha niliwakuta, mmoja huku, wawili kule, katika watoto wa Kiislamu na wa Kikristo, wa wenye mashamba na wa wakata mkonge. Macho mazima, ulimi mwepesi, akili imejaa, lakini herufi haziwakai. Leo ameijua, kesho ni mgeni kwake. Sababu yake hasa hata madaktari hawajaimaliza, nami sitakudanganya kwamba naijua. Lakini daktari mmoja ninayemfahamu nilipomuuliza alinambia jambo hili mara nyingi huenda katika ukoo, kama urefu, kama upara.

Katika ukoo, mama. Sasa nirudi kwa yale ya zamani uliyotaka yasinipotezee wakati.

Mwanao akipewa kitabu asema, "Ntasoma baadaye." Kaka yako Himyar akipewa barua huikunja akasema ataisoma baadaye. Umeyaandika yote mawili katika ukurasa mmoja, na hukusimama. Mimi nilisimama. Himyar hakunyonya ziwa la Beatrisi, la kulia wala la kushoto. Chuo kilimshinda Himyar wewe hujamzaa Taimur wala Beatrisi hajamchukua mtoto wako mkononi. Basi akili yake yeye ilipita wapi?

Hukuliona hilo kwa sababu mlikwisha mpata mwenye kosa zamani, mkapumzika. Mpishi alitoka na vyombo vyake, na kaka yako hakusoma. Hakuna aliyekaa naye tena kumwonyesha herufi, ya nini, si amerogwa? Akapelekwa shamba mahali ambapo hakuna mtu wa kumpa karatasi. Haji harusini kwa kuogopa kusomeshwa kadi mbele ya watu. Hakuoa. Hicho ndicho mlichomfanyia mlipomtafuta mchawi wake, na ndicho mnachoanza kumfanyia mwanao. Mtamharibu binti wa watu, Taimur hatasoma, na mwishowe mtasema Beatrisi aliondoka na dawa.

Nina hasira, nisamehe. Sasa shika haya.

Mpeleke mtoto hospitali ya serikali apimwe macho na masikio, tuondoe shaka hiyo. Halafu wewe na baba yake, wote wawili, mwende kwa maalim na kwa mwalimu wa skuli mkawaambie kwa heshima kwamba kiboko kwa jambo hili hakisaidii, na kwamba mwaomba apewe muda. Baba yake asiseme tena "tazama kwenu." Mtoto ni wa kwenu na wa kwao. Kama skuli watamtoa, niandikie haraka nikutafutie mwalimu mwenye subira, wapo wachache na nawajua.

Nyumbani usimpe kitabu. Chukua ile kanga ya Idi, itandaze sakafuni, herufi zake ni kubwa kuliko za kitabu chochote. Herufi moja tu, aipitie kwa kidole huku akiitaja jina kwa sauti, kesho ile ile, keshokutwa ile ile, hata uichoke wewe kabla yake. Mwandikie kwenye mchanga, mfinyangie kwa unga. Yale anayoyajua kwa moyo yasikilize umsifu, usimwambie kwamba hiyo siyo kusoma. Itachukua muda mrefu na huenda asiwe msomaji mwepesi maisha yake yote. Nimewaona waliokuwa hivyo wakawa watu wenye heshima zao.

Na umuulize. Katika barua yako ndefu umemuuliza fundi, umeuliza nyota, umeuliza mto, na hakuna mahali ulipomuuliza Taimur anaona nini akitazama maandishi. Muulize, unyamaze, umsikilize.

Kwa Beatrisi utakwenda kwa miguu yako. Sikwambii umweleze habari ya fundi, maana hilo litamwumiza yeye ili wewe upate nafuu. Mpelekee doti yake, kaa mkekani kwake, na siku ya maulidi mwalike yeye na binti waje kula, wasichambue kitu. Mimi si wa dini yako, lakini nimeishi na majirani wa dini yako vya kutosha kujua kwamba Elizabeti ni dada yake Taimur. Ulikuwa karibu kumfanyia dada yake jambo ambalo mwanao angelijua ukubwani asingekusamehe.

La mwisho ndilo zito. Mchukue Taimur mwende Mwera kwa mjomba wake, mkae naye hata siku mbili, na mbele ya mtoto, mtoto akisikia vizuri, umwambie kaka yako kwamba hakurogwa na mtu, kwamba alizaliwa hivyo na hakuwa mjinga hata siku moja, na kwamba nyumba yenu ilimkosea. Huyo mtu amengoja neno hilo tangu utoto, na mwanao anahitaji kumwona mtu mmoja duniani aliye kama yeye.

Usimwandikie kwamba mnakwenda. Nendeni tu.

Mwalimu Yudith